Sabuni ya Kabingo

Kwa muda mrefu nilikuwa natumwa Kabingo kununua sabuni ambayo haikuhitajika. Aliyenituma alikuwa nesi wa kituo kimoja cha afya huku kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, yule aliyewahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI, na mimi nilikuwa mfagiaji wake. Nilifagia, nilichota maji, nilipanga mabenchi. Asubuhi fulani, wagonjwa wakiwa wameanza kuketi, alitoa kichwa mlangoni akasema, "Sebo, sabuni imekwisha. Nenda Kabingo." Sebo ni "bwana" kwa lugha ya huku. Nilijua haijaisha, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafua mashuka. Lakini Kabingo ni mbali, pikipiki hupita katikati ya migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu, na mimi ni mtu wa kupenda barabara. Nilikwenda bila kuuliza. Pale kituoni niliuliza kila kitu isipokuwa hicho.

Dada yangu alikuwa mgonjwa wa nesi huyo. Siku nilizotumwa Kabingo ndizo siku alizokuja kuchukua dawa. Nililijua hilo kwa kuchelewa, na ninaliandika hapa juu kabisa ili anayesoma asitembee gizani kama nilivyotembea mimi.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa sijaanza kutembea, tulipokuwa bado Kivu ya Kusini, Kongo, na yeye, msichana mwenye mgongo mwembamba, akanibeba. Kwetu dada wa namna hiyo unamwita yaya, na yaya ni mama aliyekuja kwa njia nyingine. Huketi kitandani pake. Huingii anapooga mtoto wake wa kike. Mambo ya mwili wake hayapiti masikioni mwako. Akiumwa atasema "sijisikii vizuri", na wewe huulizi ni wapi. Unamwita mwanamke jirani, unatoka nje, unakata kuni hata kama kuni zipo. Sijawahi kuambiwa haya na mtu. Niliyajua kama nilivyojua kuvua viatu mlangoni.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Watu hudhani ni vita. Vita vilinipa tu sababu, kwa kuwa kukaa kulikuwa kunaniwasha tangu zamani. Hapa Uganda nimefyatua matofali, nimevuta nyavu ziwani, nimechunga ng'ombe wa mtu mmoja huko Rugaaga hadi nikaanza kuwaota, nimebeba magunia sokoni Mbarara. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inavyokwenda, kisha nikaondoka. Kila niliporudi kambini nilimkuta dada pale pale, mbele ya nyumba yake ya udongo, amepanga dagaa wakavu ambao sisi tunaita ndagala, mafungu madogo juu ya kipande cha turubai.

"Umerudia," alikuwa akisema. "Bugali iko. Utaenda tena siku gani?"

"Sijui, yaya."

"Uniambie mbele. Nisipike mingi."

Mumewe alikuwa amefariki miaka ya nyuma. Tuliambiwa ni kifua. Nikakubali kifua.

Kituoni niliingia kwa sababu ya malaria. Nilipopona sikuondoka. Kulikuwa na mabango ukutani, na vichupa, na mizani, na nesi mwenyewe, mwanamke wa Kinyankore mwenye umri kama wa dada, mnene kidogo, anayecheka kwa pua. Wagonjwa walimwita musawo, neno la Kiganda la kumwita yeyote anayetibu. Alikuwa amejifunza Kiswahili kutoka kwa wagonjwa wake, si kile cha askari na wachuuzi wa Uganda. Aliongea kama mtu wa Fizi, kwetu Kivu. "Batoto balikula?" alimuuliza bibi mmoja, na benchi zima likacheka kwa furaha, Mnyankore na *batoto*. Alikuwa amejifunza kwa makusudi. Aliniambia kwamba mtu hawezi kueleza alilala na nani huku mtu wa tatu akisikiliza.

Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Virusi vinalala wapi mtu akimeza dawa? Kwa nini visife vyote? Alinichorea mwili kwenye kisanduku cha glavu na kuweka vidoa mahali vinapojificha. "Vinangoja," alisema. "Ukiacha dawa, vinaamka." Aliniambia pia habari zake. Alipoanza unesi, kazi yake kwa watu hawa ilikuwa kupima uzito na kuita majina. Dawa ilianzishwa na daktari tu, na daktari alitoka Mbarara siku alizoweza, barabara ikikubali. Watu walikufa wakimngoja daktari huku nesi amekaa mbele yao na mizani. Kisha manesi wakafundishwa kuanzisha dawa wenyewe, kusoma majibu ya damu, kujua nani ahamishwe dawa na nani apelekwe hospitali. Yeye alisema mafunzo yale yalimfanya aache kuota ndoto fulani. Hakuniambia ni ndoto gani.

Lakini alikuwa na cheti cha chini, na aliyekuwa na cheti cha chini hakuweza kuongoza kliniki. "Nikibaki hivi," alisema, "kila anayekuja na diploma atanisogeza kama kiti." Kwa hiyo akaomba nafasi ya kusoma Mbarara, akaipata. Siku ya kuaga wanawake walimletea mahindi na kuku aliyefungwa miguu. Alilia, akapanda pikipiki na kuku mapajani.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, ingawa sijui niseme ni la nani. Kambini manesi huenda kwenye mafunzo kila wakati. Huondoka Jumatatu, hurudi Ijumaa na fulana mpya yenye maandishi kifuani. Dada yangu alijua mafunzo ya namna hiyo. Aliposikia "amekwenda kusoma", alingoja fulana.

Nesi aliyekuja badala yake alikuwa msichana kutoka upande wa Bushenyi, mpole, mwenye haraka, mwenye maarifa mazuri. Kiswahili chake kilikuwa kile cha barabarani. "Wewe mzee, dawa unakula saa ngapi? Hapana sahau." Wazee wakamtazama. Akageuka akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika ufagio.

"Wewe unajua hawa wanasema nini?"

"Najua."

"Basi weka hiyo kitu chini. Kaa hapa."

Hivyo nikawa mkalimani. Nilipewa kiti karibu na meza yake, ndani ya chumba, mlango ukiwa umefungwa. Nilikuwa najua Kibembe, Kifuliiru, Kiswahili cha kwetu, Kinyankore cha ng'ombe wa Rugaaga, na Kiingereza cha kutosha. Mtu aliyeacha shule darasa la tano sasa anaketi kwa musawo. Niliwauliza wanawake wa umri wa mama yangu kama wanatumia kondomu. Mara ya kwanza nilitazama dari. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake aliyekuwa anaogopa kuingia, "Ingia tu. Ule haiko mutu, iko mudomo." Nikakubali kuwa mdomo. Niliipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikuondoka.

Musawo wa zamani alikuwa ameacha maneno kwa huyu mpya: siku fulani mtume yule kijana Kabingo, akanunue sabuni. Hakusema kwa nini, kwa kuwa siri ya mgonjwa si ya kuachiana ovyo, na mimi nilikuwa ndugu. Nadhani alidhani inatosha. Yule mpya alijaribu. Asubuhi moja aliniambia niende kununua sabuni. Niliondoka, na nilipofika lango la miti akaniita. Mzee wa Kibembe alikuwa ameingia na hawakuelewana hata neno. "Rudi, rudi. Sabuni itangoja."

Nilipogeuka nilimwona dada anakuja kwa njia ya nyuma ya kisima. Alikuwa na beseni la ndagala kichwani na kitenge cha kutokea. Tulikutana langoni.

"Yaya, unaenda wapi?"

Akalishusha beseni polepole. "Ninaletea baganga ndagala," alisema, yaani wahudumu wa kituo. "Banapenda."

"Ngoja niwaulize basi."

"Hapana, wacha. Una kazi." Alitazama mlango wa chumba, kisha kiti changu kilichoonekana dirishani. "Ndio pale unakaaka?"

"Pale pale. Karibu na meza."

"Siku yote?"

"Yote. Bila mimi hawaelewani."

Akacheka. Nakumbuka vizuri kwamba alicheka, na kwamba nilifurahi. "Basi umepata fasi," alisema. "Kaa vizuri." Akajitwika beseni akarudi alikotoka, na mimi nikarudi kwa mzee wa Kibembe, nikajiuliza kidogo kwa nini hakuuza hata fungu moja.

Kuna vituo vingine kambini, na kuna cha Rugaaga. Lakini kuhamia kwingine unaomba uhamisho, uhamisho unaombwa kwa mdomo, na mdomo ulikuwa wangu.

Nilikuja kujua baadaye kwamba dada alikuwa na vidonge nyumbani. Alivigawa, kimoja leo, kesho apumzike, ili vimfikishe siku musawo wake atakaporudi. Vilipokwisha aliendelea kungoja. Kila jioni ya Jumapili nilipokwenda kula kwake aliniuliza.

"Ule musawo alisharudia?"

"Bado, yaya. Anasoma."

"Kitu gani hakimaliziki vile?"

"Diploma."

"Na wewe ungali pale?"

"Ningali pale."

"Usiache," alisema. "Ni kazi ya kwanza umekaa. Usianze tena kutembea-tembea." Akaniongezea sombe, kisamvu chetu.

Nilidhani anamkumbuka rafiki. Nilimletea salamu za uongo, kwamba musawo anamsalimia, ili afurahi. Angeniambia acha kazi, ningeacha siku ile ile. Nimeacha kazi ngapi bila kuambiwa? Hakusema. Alikuwa amenitazama miaka yote nikienda na kurudi, anapika kidogo kwa sababu hajui kama nitakuwepo, na sasa alikuwa anapika sufuria kubwa.

Alipungua. Nilisema ni jua, yeye akasema ni jua. Kisha kichwa. "Kichwa inaniuma, mudogo. Sana." Jirani akampa vidonge vya maumivu. Wanawake wa kanisa wakaja kuomba. Nikakata kuni. Asubuhi moja hakuweza kuinamisha shingo na alikuwa ananiita kwa jina la marehemu mumewe, basi tukamweka kwenye gari la wagonjwa, na binti yake mkubwa akabaki na wadogo. Tulipita Kabingo. Nililiona duka la sabuni kwa dirisha, mwenye duka akanipungia mkono.

Hospitali ya Mbarara ina wodi ndefu, na watu hulala hata sakafuni kwenye mikeka waliyoleta wenyewe. Daktari alikuja na kundi la wanafunzi nyuma yake. Aliuliza kwa Kiingereza: anatumia dawa yoyote? Nikasimama wima kama nilivyozoea. Nikamgeukia dada nikamuuliza kwa Kiswahili chetu. Alikuwa na akili siku ile, macho yake yalikuwa safi. Alinitazama, akafunga mdomo. Nikauliza tena, kwa sauti ya kazini. Akageuza uso ukutani.

"Hajui," nilimwambia daktari. "Hatumii chochote."

Katika kundi la wanafunzi kulikuwa na mwanamke mnene mwenye sare mpya ya wanafunzi, mkubwa kwa umri kuliko wenzake wote. Alikuwa musawo wetu. Nilifurahi kumwona hata nikataka kumshika mkono. Yeye hakunitazama mimi, alimtazama dada, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umevunjwa. Daktari alipoendelea kwa kitanda kingine, yeye alibaki. Akainama kitandani, kisha akainuka.

"Sebo," aliniambia taratibu. "Nenda ukanunue sabuni."

Nikaenda. Miguu yangu ilikuwa imezoea. Nilitoka wodini, nikapita koridoni, nikafika kwenye ngazi ambapo wanawake huanika nguo, na pale nikasimama. Kabingo yote ilinirudia, safari zote, kila mche wa sabuni, na kila asubuhi nilivyoona ajabu kwamba kabati limejaa. Niliona beseni la ndagala langoni. Nilikaa kwenye ngazi. Mtu akanipita akasema, "Pole, sebo," bila kujua ni kwa lipi. Baada ya muda nilikwenda nikanunua sabuni, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Niliporudi musawo alikuwa ameshawaambia wakubwa wake, na dawa zilikuwa zimeanza kuingia kwa mshipa. Dada akaniita kwa mkono. Musawo akataka kutoka, dada akamzuia.

"Umejua," aliniambia.

"Nimejua sasa, yaya. Kwa ngazi."

"Nilitaka ujue. Lakini haiko kwa kinywa yako mwenyewe. Uniulize, halafu nikujibu, halafu uambie ule muntu mwingine. Vile sikuweza."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama miguu yake chini ya shuka, na hata hiyo nilijua sistahili kuitazama. "Ungeniambia niache ile kazi."

"Uende tena wapi?" alisema, na akatabasamu kidogo. "Ulikuwa umekaa."

Alizungumza mengine, ya watoto, ya nyumba, ya deni la chumvi kwa jirani. Kisha kichwa kikamrudia, na hakuzungumza tena kwa akili. Musawo alimgeuza, alimsafisha mdomo, alimwongelesha Kifizi chake. Alikuwa mwanafunzi tu pale, hakuwa na amri juu ya kitu. Wodi ile ilifanya kila ilichoweza. Dada alifariki mchana, watu wa vitanda vya jirani wakiwa wanakula matoke, na wakaacha kula.

Kwetu mwili wa mwanamke huoshwa na wanawake. Hapakuwa na mwanamke wetu Mbarara. Musawo aliwaomba akina mama wawili waliokuwa wanauguza watu wao, Wanyankore wote, wakazungushia mashuka, na akaniomba sabuni. Ndiyo niliyokuwa nimeishika mkononi muda wote ule.

Tulimzika Nakivale. Watoto wake niko nao. Sikurudi kwenye kile kiti. Yule nesi kijana alilia sana aliposikia. Alikuja kwenye msiba akaketi chini na wanawake, akasema hakujua, na kweli hakujua, nani angemwambia?

Musawo alirudi na diploma yake na sasa anaongoza kliniki. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kunifuata nyumbani. Alisema chuoni walimfundisha mengi, ini, figo, hesabu za dozi, namna ya kusimamia wenzake, na hakuna aliyemfundisha namna ya kumwachia mtu mwingine siri bila kuivunja. Alisema hilo anakwenda nalo mpaka kaburini. Kisha akasema anataka kila nesi anayeletwa kwake ajifunze Kiswahili cha wagonjwa kabla ya kuketi mbele ya benchi la wagonjwa, na mwalimu awe mimi.

Nilimwambia mimi niliacha shule darasa la tano.

"Najua," alisema. "Ulikuwa mwanafunzi mbaya hata kwangu. Unauliza kabla mtu hajamaliza."

Tunafundishia stoo ya kituo, mlango wazi, jioni wagonjwa wakiwa wameondoka. Wanajifunza upesi. Ninawafundisha *fasi* na *mingi* na *batoto*, ninawafundisha kuuliza kuhusu chakula kwanza. Halafu tunafanya mazoezi: wao ni wao, na mimi ni mgonjwa. Yule nesi kijana wa Bushenyi ndiye anayefanya bidii kuliko wote. Juzi alinikalisha mbele yake, akavuta kiti karibu, akashusha sauti kama nilivyomfundisha.

"Mama, dawa unamezaka kila siku?"

"Sikuwa na dawa."

"Mu nyumba, nani anajua?"

"Hakuna."

"Unapenda nani ajue?"

Hilo ni swali nililomfundisha mwenyewe, na lina jibu ambalo huwa ninawapa wote, jibu rahisi, mume wangu. Nilifungua kinywa. Nje mtu alikuwa anavuta maji kisimani, ndoo inagonga mawe.

"Mudogo wangu," nilisema.

Alingoja, kwa kuwa nimewafundisha kungoja. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi cha kwetu, kwamba tutaishia hapo leo. Akanyanyuka, akafunga dirisha, akanipisha nitoke kwanza.